Ngozi Iliyobaki

Ndani ya faili langu la kliniki pameandikwa mara saba, kwa mwandiko uleule uliolala upande, kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Mgonjwa huyo ni mimi. Kila mara katika hizo saba nilikuwa na vidonda chini ya tumbo, vingine vikitoa maji, na mara ya tano nilikuwa na homa. Aliyeandika hakudanganya. Aliandika nilichomwambia.

Mimi ni matroni wa bweni la wasichana katika shule moja ya binafsi hapa Mbeya, na kwa kazi yangu si rahisi mtu kunidanganya kuhusu ugonjwa. Msichana akija asubuhi ya mtihani wa hesabu ameshika tumbo, namwambia, "Onyesha panapouma." Akionyesha mahali pawili tofauti ndani ya dakika moja, anarudi darasani, na kwenye daftari langu naandika mzima. Nimefanya hivyo miaka kumi na minne na sijutii sana. Nasema haya ili ieleweke kwamba ushahidi wa ugonjwa naujua. Ila nilikuwa nimezoea kuudai kwa wenzangu.

Zamani nilikuwa mnene. Watu kwa adabu husema fulani ana mwili, au ana afya. Mimi nilikuwa na kilo mia moja thelathini na moja kwenye mizani ya zahanati, na shuleni walinipenda hivyohivyo. Wapishi walinipakulia sahani ya heshima, ugali umesimama kama kichuguu, na kuirudisha sahani ile na kitu ndani yake ilikuwa ni kuwatukana. Kisha nikapata sukari. Daktari akaniambia bila kuzunguka kwamba nikiendelea vile sitawaona wajukuu. Nikaanza kuzunguka uwanja wa mpira kila alfajiri kabla ya kengele, nikapunguza ugali, nikaacha soda na maandazi, nikagombana na wapishi, tukapatana, tukagombana tena. Miaka miwili na nusu baadaye nilikuwa na kilo sabini na sita, na sukari imetulia.

Ningependa kusema watu walinipongeza. Lakini kwetu Iringa, na hapa Mbeya pia, mtu akipungua watu hawamuulizi anakula nini. Wanahesabu miaka. Wanakumbuka mume wake alikufa lini, na kama kweli ilikuwa ajali. Mume wangu alikufa kwa ajali ya lori, mchana kweupe, na bado wapo waliohesabu. Hata mama yangu, anayeishi Kalenga peke yake na kuku wake na shamba lake, alinikalisha siku moja jikoni akasema, "Mwanangu, kama ni ule ugonjwa, we sema tu. Siku hizi dawa zipo. Jirani hapo anameza, na analima kunishinda."

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki. Nikaenda kupima, nikamletea karatasi ya majibu, akaisoma polepole akifuatisha kwa kidole, akaikunja na kuitia ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Baada ya hapo nikaanza kuvaa sketi mbili, moja juu ya nyingine, na sweta juu yake. Mbeya ni baridi, hakuna aliyeniuliza sweta la nini. Nilitaka nionekane mnene kidogo kuliko nilivyokuwa, baada ya kuhangaika miaka miwili na nusu kuupunguza unene wenyewe. Mtu akinicheka kwa hilo ana haki.

Chini ya sketi hizo mbili ndiko mambo yalikokuwa. Mafuta yalikwenda, ngozi ikabaki. Tumbo lilishuka mpaka juu ya mapaja, limelegea kama gunia lililokwisha kumwagwa viazi. Mahali lilipolalia palikuwa na jasho saa zote, pakachubuka, pakaota fangasi, pakapasuka. Nikitembea, panasuguana. Nikipanda ngazi za bweni, nakanyaga kwa kuchagua. Na palinuka. Nilioga mara tatu kwa siku na bado palinuka, hata kanisani nikawa nachagua benchi la mwisho karibu na mlango ili upepo unisaidie.

Homa ile ilipokuja mara ya pili, ikanilaza siku nne, nilikwenda hospitali ya rufaa. Daktari wa upasuaji alikuwa kijana, mrefu, mwenye lafudhi ya Tukuyu. Nilishika nguo zangu kwa mikono yote miwili.

"Mficha uchi hazai, mama," akasema.

"Nimeshazaa wawili, daktari. Inatosha."

Alicheka, akangoja, nikavua. Aliinua ile ngozi kwa mkono mmoja, akatazama chini yake, na uso wake ukabadilika. Akaniambia kwamba dawa ya kupaka haitaponya kitu pale. Nikipaka leo, kesho panasuguana tena. Na kwa mtu aliyekuwa na sukari, siku moja uchafu ule utaingia kwenye damu. Dawa yake ni kuikata ile ngozi. "Bima unayo?" akauliza. Ninayo, shule imetukatia katika kampuni moja ya bima. Akajaza fomu ya kuomba kibali, na mimi nikarudi mtaa wa Soweto ninakopanga, nikaanza kuota nimevaa sketi moja.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Lilikuwa na mistari miwili, na wa pili ulisema kwamba upasuaji wa urembo haugharamiwi.

Urembo! Nilisimama mbele ya kioo cha kabati nikamtafuta huyo mrembo. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, mjane, miguu imevimba, amejifunga kipande cha khanga tumboni ili ngozi isigusane na ngozi. Kama huo ndio urembo, basi warembo wana kazi. Nilichukua barua yangu nikaenda kwenye ofisi yao ya hapa mjini nikiwa nimeshajipanga maneno.

Dada wa mapokezi aliniruhusu niyamalize yote. Kisha akasema, "Mama, mimi sijakataa. Waliokataa wako juu. Wameangalia faili lako la kliniki, wanasema historia ya ugonjwa haionekani."

"Haionekani vipi? Nimetibiwa mwaka mzima!"

Akageuza kompyuta nione. Akanisomea moja moja, na tarehe zake. Mgonjwa amekuja kuchukua dawa ya ngozi, anaendelea vizuri. Mgonjwa amekuja kuchukua dawa, hali nzuri, anaendelea vizuri. Mara saba. Maneno yangu niliyoyapanga yakaniishia mdomoni. Nilimsalimia tena yule dada, sijui kwa nini, nikatoka.

Kliniki yangu ni ndogo, iko karibu na nyumbani, na tabibu wake ni mzee wa Kihehe aliyestaafu serikalini. Kijiji chake kinapakana na chetu, na marehemu baba yangu alimfahamu. Kwa hiyo kwenda kwake hakukuwa kwenda hospitali tu. Nilipoingia alisema, "Kamwene," nami nikaitikia, "Kamwene, baba." Akauliza nyumbani hawajambo. Hawajambo. Mama anaendeleaje? Anaendelea vizuri. Kalenga mvua imeshanyesha? Imenyesha kidogo. Mahindi? Yanatia moyo. Na wewe mwenyewe, mwanangu, hali yako?

"Nzuri tu, baba."

Ningejibu nini? Kwetu huwezi kuweka ugonjwa mezani kabla salamu haijaisha, na salamu ikiisha, umeshasema mara nne kwamba mambo ni mazuri. Ya tano utaanzaje kusema unaoza? Tena kwa mtu wa umri wa baba yako, aliyekula nyumbani kwenu? Niliomba "ile dawa yangu ya ngozi." Aliandika, akanipa, akanituma nimsalimie mama. Hakuniambia nivue, na kama angeniambia ningezimia. Tulikuwa tunaheshimiana, na nilitoka pale kila mara nikijiona mtu aliyelelewa vizuri.

Kampuni iliruhusu rufaa mbili, basi. Kwa rufaa ya kwanza nilitakiwa nionwe na daktari wao katika ofisi yao kubwa, Iringa. Shule ilikuwa imefungwa. Nikapanga nikae kwanza kwa mama Kalenga siku kama tisa, nipumzike, halafu niende.

Kwa siku mbili nilificha. Siku ya tatu mama aliona vitambaa vyangu nilivyovianika nyuma ya nguo nyingine. Alichemsha maji, akatia chumvi, akatandika mkeka uani penye jua, akafunga mlango wa ua kwa kipande cha kamba. "Lala hapo," akasema. Nikalala chali kama dagaa. Aliinua ngozi ile kwa khanga safi, akaiosha chini yake polepole, akaiacha ipigwe na upepo, na alipoona kuku wanasogea aliwafukuza kwa matusi ya Kihehe ambayo nilikuwa sijayasikia tangu nikiwa mdogo. Asubuhi na jioni, siku sita. Nilikuwa sijaoshwa na mtu tangu nilipokuwa mtoto. Siku ya kwanza niligeuza uso ukutani, siku ya pili nilisinzia.

Vidonda vikakauka. Siku ya kwenda mjini alinipaka poda, akanipigia pasi gauni la kanisani kwa pasi ya mkaa, akanikagua mbele na nyuma. "Huwezi kwenda kwa daktari mkubwa unanuka," akasema. "Watasema hukuwa na mama." Na mimi, matroni wa miaka kumi na minne, mtaalamu wa kuonyesha panapouma, nilikubaliana naye kabisa. Nilipanda gari nikiwa msafi, na nafsi yangu imetulia.

Daktari wa bima alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani. Alivaa glovu, akainua, akatazama, akatazama tena. "Ngozi imezidi, hilo naliona," akasema. "Lakini kidonda sikioni. Wala maambukizi."

"Vilikuwepo, daktari. Wiki iliyopita tu vilikuwepo."

"Mama, mimi naandika ninachokiona leo."

Kauli hiyo naijua vizuri, mimi mwenyewe nimewaambia wasichana wengi. Nilivaa gauni langu la kanisani kifungo kimoja kimoja. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani.

Nilimpata wa kumkasirikia nilipofika Kalenga. Mama alikuwa ananingojea mlangoni. "Wamekubali?"

"Wamesema mimi mzima."

Alipiga makofi, akaanza kumshukuru Mungu, kisha akaona uso wangu, mikono yake ikabaki hewani. Nilimwambia kwamba usafi wake umenimaliza. Nilimwambia kama angeniacha na uchafu wangu ningekuwa nimeshapata kibali. Yeye alisema tu, kwa sauti ndogo, "Sasa mimi ningekuacha hivyohivyo, ukiwa ndani ya nyumba yangu?" Kesho yake niliondoka mapema. Aliniwekea mfuko wa unga wa ulezi, nikausahau makusudi juu ya kigoda. Katika jambo hili lote, hilo ndilo ninaloliona aibu mpaka leo, kuliko harufu na kuliko kuvua nguo.

Kurudisha vidonda hakukuwa kazi. Nilirudi tu kwenye maisha yangu, ngazi za bweni na sketi mbili, na ndani ya wiki tatu vilikuwa vyote mahali pake, na kimoja kipya. Ilibaki rufaa moja. Nikikosa hiyo, ningebaki na ngozi ile mpaka siku uchafu wake ungeingia kwenye damu. Nililiwaza hilo kwa siku kadhaa, kisha nikaenda kliniki.

"Kamwene," akasema tabibu.

"Baba, mimi ni mgonjwa," nikasema.

Aliweka kalamu chini. Nadhani tangu aanze kazi hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumruka salamu. Alimwita nesi asimame pembeni, akavuta pazia, na mimi nikavua sketi ya kwanza, nikavua ya pili, nikafungua khanga. Nilitazama kalenda ukutani. Alichukua muda mrefu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu nilipokuja mara ya kwanza."

"Mara zote hizo?"

"Zote, baba."

"Na mimi nakuuliza habari za mahindi," akasema. Akaketi. Alivua miwani, akaifuta kwa koti lake jeupe, akaivaa, akaivua tena.

Aliandika barua palepale, kwa mkono, karatasi nzima, kisha akanisomea. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kitabibu, ukubwa wa kila kidonda na mahali kilipo. Sehemu ya pili naikumbuka kwa moyo. Aliandika kwamba yeye ndiye aliyeandika maelezo yote yaliyotangulia, kwamba katika mara zote saba hakumwomba mgonjwa avue nguo wala hakumpima, kwa sababu mgonjwa na yeye wanatoka sehemu moja na waliheshimiana kupita kiasi. Na kwamba yale maneno ya kuendelea vizuri yalikuwa ni ya salamu, hayakuwa ya uchunguzi.

"Baba, hii itakuletea matatizo," nikamwambia.

"Kwani watanistaafisha mara ya pili?" Akagonga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Safari hii nilipanda basi kwenda Iringa bila poda. Nilioga asubuhi, kwa kuwa ukichaa una mipaka yake, lakini sikuosha mle chini kwa chumvi, wala sikupaka kitu, na nilivaa sketi moja. Kufika Chimala dada aliyekaa pembeni yangu alianza kuinama kutazama chini ya viti. "Kuna mtu amebeba samaki humu?" akauliza kwa sauti. Watu wakatazamana. Nilitazama dirishani. Nilijua kwamba nikinyamaza atamsingizia yule baba mwenye ndoo kiti cha nyuma, maana alishamkazia macho.

"Ni mimi, dada," nikasema. "Nina kidonda. Naenda hospitali."

Nikangoja ahame kiti. Alinyoosha mkono akafungua dirisha zaidi, na basi liliposimama Igawa akanunua mahindi mawili ya kuchemsha, akanipa moja bila kunitazama. Nililila lote. Sikuwa na njaa hata kidogo.

Kutoka stendi ya Iringa mpaka Kalenga si mbali, lakini sikwenda. Sikumwambia mama kwamba niko Iringa. Nilikwenda moja kwa moja ofisini, na daktari alikuwa yuleyule. Nilipofungua, alirudi nusu hatua nyuma, kisha akasogea mbele hatua nzima. Alipima kwa rula. Alipiga picha. Aliisoma barua ya tabibu akiwa amesimama, na alipofika mwisho aliirudia.

"Asante kwa kuja hivi," akasema.

Nilimchukia kwa sentensi hiyo, na wakati huohuo nilitaka kumshika mkono. Nilikuwa nimekwenda kwa mgeni nikiwa katika hali ambayo mama yangu angejifungia ndani kwa aibu, na hali hiyo ndiyo ilikuwa tiketi yangu. Sijui ni nani aliyepanga dunia hivyo. Labda ni watu kama mimi, wenye madaftari.

Kibali kilikuja mwezi uliofuata. Walikubali tumbo tu. Mikono na mapaja, ambako ngozi inaning'inia vilevile lakini haina vidonda, walisema ni urembo. Sikubishana. Mikono ina mikono ya gauni.

Kabla ya upasuaji nesi aliniletea karatasi za kusaini. Moja ilisema kwamba kitakachoondolewa kitateketezwa na hospitali. Nilisaini haraka, karibu kwa furaha. Baada ya miezi yote ile ya kuthibitisha kwamba ngozi ile ni uchafu na ugonjwa na hatari, nani angeitaka? Nilipozinduka, jambo la kwanza nililofanya ni kupeleka mkono chini. Palikuwa na bandeji, na chini ya bandeji palikuwa tambarare. Nililia kwa furaha, na kulia kuliniuma vibaya sana.

Mama alikuja. Sikumwita, mwanangu mkubwa ndiye aliyempigia simu. Alishuka kwenye basi na kuku mmoja na ule mfuko wa unga wa ulezi, uleule, akaanza kupika uji bila kuzungumzia neno lolote la nyuma. Nilikuwa nimepanga kumwomba radhi, nikaanza, akasema, "Kunywa, utapoa." Siku ya tatu tangu nirudi nyumbani, muuguzi wa mtaani alikuja kubadilisha bandeji, na mama akaomba akae aone. Mshono ulitoka nyonga hadi nyonga. Aliutazama mpaka muuguzi alipomaliza na kwenda zake.

"Na ile ngozi?" akauliza. "Iko wapi?"

"Wameichoma, mama. Hospitali wana tanuru lao."

"Walikuuliza?"

"Waliniuliza. Nilisaini."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Sikuelewa kwanza. Nilidhani anawaza gharama, au uchafu. "Kitovu chako nilikizika mwenyewe," akasema. "Kwa mkono wangu, nyuma ya jiko, bado natoka damu. Mtu wa kwetu hachomwi, hata kipande. Ungenipigia simu ningekuja kukichukua." Kisha akasema, "Mimi sikuiona mbaya ile ngozi. Niliiosha siku sita."

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimewabembeleza watu wasionijua wakubali kwamba kile kipande cha mwili wangu hakifai, na wote walikuwa wamekubali, na walikuwa sahihi, na ningefanya hivyohivyo tena kesho. Ila sikuwahi kufikiri kwamba yupo mtu ambaye kwake kilikuwa ni mtoto wake. Nilimshika mkono. Aliuacha mkononi mwangu kidogo, halafu akasimama akaenda kuokota uchafu ulioachwa na muuguzi.

Alikaa wiki mbili. Asubuhi ya kuondoka nilimwona jikoni akifungua kitambaa. Ndani yake kulikuwa na bandeji ile ya siku ya tatu, iliyokauka, yenye damu yangu na vijipande vya ngozi vilivyoganda juu yake. Nilidhani aliitupa. Aliikunja upya, akaifunga kwa fundo, akaitia chini kabisa ya mkoba wake, chini ya nguo zake za kanisani. Alijua ninamwona.

Jioni alipiga simu kwamba amefika. Nilimsikia akihema kidogo, kama mtu aliyeweka jembe chini sasa hivi.

"Tayari," akasema. "Nimekuweka pale pako, nyuma ya jiko."

"Asante, mama," nikasema, nikabaki nimeshika simu hata baada ya yeye kukata.